Kabureta ya Mashine Nyingine

Punia, tarehe 4 mwezi wa pili, 2002

Kwa Mjomba Soudi, fundi, Alunguli, Kindu

Mjomba,

Salamu yetu ikukute unapumua. Sisi tunapumua. Anayeandika ni mimi Twaibu, lakini maneno ni ya Mama. Amekaa kwenye kigoda anachambua sombe, majani ya mihogo, anasema, na mimi naandika, kama kawaida yetu.

Kwanza anakushukuru. Sumaili, mchuuzi wa baiskeli, amefika salama na mashine yetu ya kukatia miti. Aliificha chini ya magunia ya chumvi, akasukuma baiskeli njia yote kutoka Kindu. Kwenye vizuizi walimchukulia chumvi, mashine hawakuiona. Mama amewaita majirani waje watazame. "Munaona? Huyu njo ndugu yangu. Tronsoneze ilikuwa imekufa, ameifufua! Hata vita haimuwezi!" Mjomba, hadi sasa hajanyamaza.

Kazi tumeanza palepale. Tunapasua mbao, watu wanatulipa mihogo au mchele, siku nyingine samaki. Tangu Baba afariki na njia zifungwe, nyumba hii inakula kwa mashine hiyo tu, na mimi ndiye ninayeishika, maana wadogo zangu bado.

Kuna jambo moja. Mashine inawaka vizuri na nguvu inayo, lakini nikiachia kishikio cha gesi mwendo haushuki. Inaendelea kulia juu, na mnyororo unaendelea kukimbia. Lazima nibonyeze kizimio ndipo isimame. Zamani haikuwa hivyo. Mama anasema nisikusumbue, mikono yangu tu haijazoea. Basi nauliza kidogo.

Mpwa wako,
Twaibu, kwa kinywa cha Mama


Alunguli, tarehe 21 mwezi wa pili, 2002

Dada Mwavita,

Nimefurahi kusikia sauti yako hata kupitia kalamu ya mtoto. Nasikia unanitangaza Punia nzima. Punguza, dada yangu. Wakija wote na mashine zao mbovu nitatoa wapi vipuri? Hapa mjini hata sindano ya kushonea ikivunjika tunakaa matanga.

Twaibu, sikiliza. Ondoa chujio la hewa, ulikung'ute na kuliosha kwa sabuni. Tazama waya wa gesi kama haubanwi mahali. Petroli uichuje kwa kitambaa, wauzaji wa siku hizi wanaichanganya na mafuta ya taa. Safisha buji, ile inayotoa cheche. Kisha fungua klachi uangalie springi zake, maana zikilegea mnyororo unaifuata injini hata ikipumua polepole.

Kabureta usiiguse. Ile niliifunga mwenyewe, ukiifungua porini utapoteza vipande.

Dada, kula vizuri. Usiwape watoto chote.

Ndugu yako,
Soudi


Punia, tarehe 12 mwezi wa tatu, 2002

Mjomba,

Tumefanya yote uliyosema. Chujio ni safi, petroli tumeichuja kwa kitambaa cha Mama cha kichwani na sasa kichwa chake kinanuka, amekasirika. Springi za klachi ni ngumu kabisa. Buji nimeipiga brashi. Bado mnyororo hausimami.

Mama anasema niandike hivi: "Soudi hajakosea. Tangu mutoto, Soudi hakosei. Ni huyu wangu, anashika mashine sawa mutu anashika mbuzi." Nimeandika, Mama, usiniangalie hivyo.

Hili ni langu. Juzi mnyororo ulinipitia kwenye suruali. Ni nguo tu iliyochanika. Nilimwambia Mama ni mwiba, naye ameshona bila kuuliza.

Twaibu


Alunguli, tarehe 30 mwezi wa tatu, 2002

Dada Mwavita,

Twaibu, soma polepole, na usome yote.

Zimeni mashine. Msiiwashe tena hata kwa ubao mmoja.

Kabureta iliyomo si yenu. Yenu ilikuwa nzima. Ubovu wenu ulikuwa kwenye pistoni, na hiyo niliitengeneza sawasawa. Lakini mashine yenu ilipokuwa imelala kwangu ikingoja njia ifunguke, komanda mmoja wa hapa alileta ya kwake ikiwa na kabureta iliyopasuka. Akasema atarudi kesho. Dada, hakunielekezea bunduki. Aliilaza tu juu ya meza yangu, akaomba maji, akanywa, akaichukua akaenda. Woga ulikuwa wangu mwenyewe. Nikatoa kabureta yenu nikamfungia yeye.

Mafundi wote wa Kindu tunaazima hivyo siku hizi. Mashine inayongoja inatoa kiungo, inayoondoka inakipata, halafu unatafuta kingine kabla mwenyewe hajaja. Ndani ya mashine yenu niliweka kabureta niliyoiokota kwenye mashine iliyokufa, ili tundu lisikae wazi vumbi likaingia. Kiwambo chake, ule mpira mwembamba unaovuta petroli, nilikikata kwenye glavu ya hospitali. Na kile kijiti cha chuma kinachofungua na kufunga hewa kimelika pande zote mbili. Hewa inapita pembeni, injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo, inakimbia yenyewe hata ukiachia gesi.

Nilitegemea kupata nyingine. Kisha Sumaili akatokea ghafla, njia imefunguka, anaondoka sasa hivi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake nilimsaidia kufunga mashine kwenye baiskeli kwa mikono hii.

Na barua yenu ilipofika niliwatuma kusafisha buji. Nilikuwa najua. Aibu yake inaniamsha usingizini.

Natafuta kabureta kwa kila mtu ninayemjua. Nikasirikie baadaye, Dada. Kwanza zima mashine.

Soudi


Punia, tarehe 17 mwezi wa nne, 2002

Mjomba,

Hii ni yangu peke yangu. Mama yuko shambani.

Barua yako nilimsomea jioni kama kawaida. Nilipofika kwenye "zimeni mashine" macho yalitangulia, nikaona kinachokuja, nikageuza. Nilimsomea salamu, halafu nikatunga: Soudi anatafuta kipuri kidogo, tuvumilie. Alifurahi. Akasema unafikiria watu.

Usinione mjinga. Mama unamjua, akisikia atazima mashine palepale, na hatutakula. Salama, mdogo wetu wa mwisho, miguu imeanza kuvimba kwa kukosa chakula. Sombe bila kitu kingine haimtoshi. Mashine ikilala wiki mbili tu, sijui tutamzika nani.

Na kuna lingine. Katika vita hii Mama hana cha kujivunia isipokuwa wewe. Baba amekufa, ng'ambo yote ya mto imeungua. Nikimnyang'anya na ndugu yake, atabaki akisema habari za nani kwa majirani?

Naishika kwa uangalifu. Wewe tafuta kabureta haraka, Mjomba. Hasira sina.

Twaibu


Alunguli, tarehe 5 mwezi wa tano, 2002

Twaibu,

Umenifunga kamba. Nikimwandikia mama yako, macho yanayosoma ni yako. Mtu mwingine wa kumwandikia huko simjui.

Sumaili yuko nje ya kibanda changu anafunga mizigo wakati huu ninapoandika. Yeye angeweza kumwambia mama yako kwa mdomo: Soudi anasema uzime mashine. Maneno hayo tu. Lakini atauliza kwa nini, na akishajua, Alunguli nzima itajua kabla hajafika kizuizi cha kwanza. Komanda naye atajua kabureta yake ilitoka wapi, na hakuna mtu atakayeacha mashine kwangu tena. Nimetoka nje nikamwuliza hali ya njia. Nimetoka tena nikampa maji. Sasa ananiita: "Soudi, barua iko wapi? Jua inapanda!"

Sijamwambia.

Basi nakuomba wewe. Legeza ile skrubu ya mwendo wa chini, mpaka mashine izimike yenyewe kila ukiachia gesi. Utachoka kuvuta kamba upya kwa kila ubao, na njaa inachosha zaidi, najua. Vuta tu. Ikikataa kuzimika, bonyeza kizimio kabla hujasogeza hata mguu. Usiibebe ikiwaka. Usimpokeze mtu ikiwaka.

Kabureta bado sijapata. Ndege zimeleta bia na askari.

Mjomba wako,
Soudi


Punia, tarehe 27 mwezi wa tano, 2002

Bwana Soudi,

Naitwa Marie-Louise, ni muuguzi wa zahanati hapa. Nakuandikia kwa ajili ya dada yako Mwavita, kwa sababu Twaibu hawezi kushika kalamu.

Mashine imemkata mkono wa kuume. Damu imesimama, homa imepungua, na kwa neema ya Mungu ataishi. Vidole vitatu vimekwenda na kidole gumba hakitakunjika tena. Nimetumia dawa niliyokuwa nayo, nayo ilikuwa kidogo.

Dada yako ameniomba niandike maneno yake yalivyo:

"Soudi, mutoto huyu amenitia haya. Mashine umetengeneza muzuri, yeye anacheza nayo. Mwenyewe amekubali mbele ya watu, anasema aliteleza kwa maganda ya miti. Umuandikie umugombeze, wewe njo baba yake sasa. Mimi amenichosha. Tena usihuzunike juu ya mashine, haikuharibika."

Twaibu naye, nilipokuwa nafunga bandeji, alinishika kwa mkono ule mwingine. Aliniomba nikuandikie kwamba mashine ilikuwa nzuri. Alinirudisha kutoka mlangoni nihakikishe nimeelewa. Nimeelewa maneno, Bwana Soudi. Sababu yake sikuielewa.

Marie-Louise


Alunguli, tarehe 14 mwezi wa sita, 2002

Dada Mwavita,

Nimepata habari. Pole sana, pole kwa mtoto.

Nakutumia chumvi, kitambaa, na dawa za kidonda nilizopata kwa watawa. Mashine usimpe mtu mwingine. Mrudishie Sumaili ailete, nitaiangalia upya, imekwisha kufanya kazi nyingi.

Usimgombeze sana Twaibu.

Ndugu yako,
Soudi


Punia, tarehe 9 mwezi wa kumi, 2024

Mjomba,

Usishangae mwandiko. Mkono wa kushoto umejifunza, uzuri ndio umeukataa. Na usiulize kwa nini sikupigii simu. Mtandao wetu uko juu ya kilima, na kila anayepiga anasikilizwa na wauza vocha, wachimbaji na wapenzi wao.

Ni habari ya mwanangu Djo. Amenunua tronsoneze ya mkono wa pili na kabureta mpya iliyotoka Bukavu, ndani ya mfuko wake, inang'aa. Umbo ni lile la ya zamani. Ameifunga vizuri, nimemwona. Lakini akiachia gesi injini haishuki, na mnyororo unakimbia.

Mjomba, nilipousikia mlio ule nilikaa chini.

Mama naye aliusikia toka kibarazani. Macho hayaoni vizuri, masikio ni ya sungura. Akasema mbele ya wageni: "Mashine haina kosa. Ni damu ya baba yake. Wazembe huzaa wazembe." Djo aliinamisha kichwa. Akaichukua mashine, akaenda msituni kuonyesha kwamba yeye si mzembe. Nilimkimbilia nikamzuia kwa shida, na hata sasa ananuna.

Kwa upande wangu nimekwisha kuzoea. Mashine ile ya zamani, ulipoirudisha ikiwa nzima, Mama alimpa mdogo wangu. Kwenye vikao vya ukoo sipewi kitu cha kushika, hata ufunguo. Ni mama yangu, simchukii. Lakini Djo ana miaka ya kutaka kusifiwa, na mtu wa hivyo atakata mkono kwa sababu ya neno tu.

Niambie cha kufanya na kabureta. Yale ya zamani tuyaache. Mama ni mzee, mwache akae na ndugu yake asiyekosea.

Twaibu


Alunguli, tarehe 18 mwezi wa kumi, 2024

Twaibu,

Kwanza mashine isiwashwe. Safari hii naanza na hilo.

Sasa msomee Djo. Kabureta hizi mpya zinafanana sura tu. Atoe ile karatasi inayokaa kati ya kabureta na injini, aishike juani. Kuna tundu dogo pembeni, la pumzi ya injini inayosukuma petroli. Tundu la karatasi, la kabureta na la injini lazima yatazamane. Ukigeuza karatasi, tundu linazibwa, petroli inakuwa kidogo, injini inakimbia kama mwizi. Akikuta iko sawa, apake sabuni ya maji kwenye mpira unaoshika kabureta. Mapovu yakivutwa ndani, hapo ndipo hewa inapoingilia, na mpira ubadilishwe. Mwisho kabisa aguse skrubu: aikaze taratibu mpaka iguse mwisho, airudishe mzunguko mmoja, kisha asikilize. Mnyororo ukitembea bila gesi hata kidogo, kabureta hiyo ni ya kutupa. Atafanya haya yote na mimi nikiwa nimekaa pembeni yake.

Ndiyo, nakuja. Umeniomba niyaache ya zamani, na kama yangenihusu mimi na wewe tu ningekubali, maana nimekubali miaka yote hii na ilikuwa rahisi sana. Nilikuwa nasema nitamwambia akipona huzuni. Halafu nikasema vita ikiisha. Halafu nikasema ni mzee. Wewe ulikatwa mara moja na mashine, na mimi nimekuacha ukatwe kila siku na ulimi wa dada yangu, nikiwa nakula na kulala. Sasa ulimi huo umefika kwa mwanao.

Sitaandika barua kwa Mwavita. Barua zinarukwa. Nimekodi pikipiki, mgongo utalia lakini utafika. Usinijibu kunikataza, hutanikuta.

Mjomba wako,
Soudi


Punia, tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili, 2024

Soudi,

Sifa, mujukuu yangu, njo anaandika. Nimemuambia aandike vile ninasema, asinitengenezee maneno.

Ulikuja, ukakaa hapa kwa kiti, ukasema yote mbele ya Twaibu na mutoto yake. Mimi niliingia ndani ya nyumba. Ukatengeneza mashine ya Djo, ukalala kwa jirani, ukarudia Kindu. Sikukuaga. Nilisikia pikipiki inaenda, nikabakia kwa kitanda. Nilikuwa na hasira ya kuua mutu.

Sasa nitakuambia hasira ni ya nini, usidanganyike. Si ya kabureta. Wakati ile kila mutu alikuwa na woga. Mimi mwenyewe nilipatiaka askari kuku ya jirani, nikasema ni yangu, mupaka leo jirani anazani ni nyoka ilimukula. Ungesema mwaka ile ile, ningelia, ningekutukana, ingeisha.

Hasira ni hii. Mutoto yangu alinificha maneno ya barua juu ya kunilisha, na mimi nikamuita muzembe. Asubuhi muzembe, mangaribi muzembe. Siku ya harusi yake nilisimama mbele ya watu nikaambia bibi arusi wake: mutoto wa wenyewe, umuchunge huyu, hana akili ya mikono. Watu wakacheka. Yeye pia akacheka. Na wewe ulikuwa pale, Soudi. Nilikuwa naona wakati ile. Ulikuwa na sahani ya wali kwa magoti. Ukacheka.

Juzi nilimuita Twaibu, nikamuomba musamaha. Anasema: "Mama, kosa ni yangu, mimi njo niliruka maneno ya barua." Nikakasirika tena. Wewe unasema kosa ni yako, yeye anasema kosa ni yake, munagombania sawa watu wanagombania urithi. Yangu hakuna mwenye kuitaka. Niliisema na kinywa yangu, mbele ya watu, na wote walisikia.

Basi kuja. Usilete zawadi, usilete kipuri. Mashine ya Djo inatembea muzuri, hiyo nakushukuru. Siku ya kwanza sitakusalimia, usijali, ingia tu. Ukae hapa mwezi muzima, ukule sahani moja na Twaibu. Utamuona anavyokula na mukono ya kushoto mbele ya wageni, anageuza uso kidogo kwa haya, tangu kijana mupaka leo. Nilikuwa naangalia na nasema moyoni, amejitakia. Sasa naangalia, nasukuma sahani yangu. Sitaki kuangalia peke yangu.

Dada yako,
Mwavita